Kiti cha Orrin Juu ya Msonobari

Orrin Kesti alikuwa mtu wa kuaminika katika kila jambo isipokuwa moja, nalo ni mahali anapowindia. Ukimuuliza habari ya mshahara wake atakutajia. Ukimuuliza habari ya tumbo lake atakusimulia mpaka ukome kuuliza. Lakini muulize kiti chake cha kuvizia kulungu kiko kwenye mti gani, atakutazama machoni na kukudanganya bila kupepesa, hata kama wewe ni mchungaji wake. Na tusimwonee bure, maana huko kwao, kusini mwa Ziwa Superior, kila mwenye upinde yuko hivyohivyo. Mtu atakuazima gari, atakuazima msumeno, atakuja kukuchimbia kaburi la baba yako ardhi ikiwa imeganda kama chuma, ila mti wake hakuonyeshi ng'o.

Mwaka huo kulikuwa na dume. Orrin alimwona mara mbili mwishoni mwa kiangazi juu ya kilima cha Heikki, kulungu mwenye shingo nene na pembe zilizotawanyika kama tawi kavu la mtofaa. Tangu siku ile akawa hana raha. Mchana kutwa anaendesha greda la wilaya, akilini anaona pembe. Akafunga kiti chake cha chuma juu ya msonobari mmoja kule kilimani, akakaa kimya, akaanza kumwogopa mtu mmoja tu duniani: shemeji yake Arvid.

Arvid Lampi alikuwa kaka wa Sylvi, mke wa Orrin. Alikuwa amestaafu kiwanda cha mbao, hana mke, hana ng'ombe wa kukamua, ana upinde mzuri na siku saba zote za wiki ni zake. Orrin alikuwa na Jumamosi. Jamani, mtu mwenye Jumamosi peke yake atashindanaje na mstaafu?

Basi Ijumaa jioni Orrin alimwaga vitu vyake vyote kwenye sakafu ya gereji, akawa anazunguka katikati yavyo, soksi tu miguuni. Redio ilikuwa imesema kesho itanyesha kutwa, baridi ikikaribia kuganda. Hiyo ndiyo baridi mbaya kuliko zote. Theluji unaikung'uta ukaendelea na mambo yako, lakini mvua ya namna hiyo inaingia shingoni, inashuka mgongoni na kukaa kiunoni kama mgeni asiyeaga.

Mishale alishaichagua. Ile ya manyoya ya bata mzinga aliirudisha ukutani, maana manyoya yakilowa yanalala na mshale unakwenda unakotaka wenyewe, akachukua ya mabawa ya plastiki. Uzi wa upinde akaupaka nta hadi ukang'aa. Kazi ilikuwa kwenye nguo.

Sylvi akaingia na kikombe cha kahawa. "Vaa lile koti la mvua nililokupa siku yako ya kuzaliwa. Na suruali yake."

"Lina kelele."

"Kelele gani?"

"Nikiinua mkono linasikika kama mtu anayekula chipsi kanisani."

"Nimelifua mara tatu, Orrin. Limelainika. Lishike mwenyewe uone."

Alilishika. Kweli lilikuwa limelainika, hata kelele zake zimepungua. Kisha akalipeleka puani na uso wake ukabadilika. "Sylvi. Umelifulia nini hili?"

"Sabuni. Ulitaka nilifulie matope?"

"Sabuni gani?"

"Ile ya chupa ya zambarau. Inanukia vizuri."

"Inanukia maua! Mama yangu! Kulungu atanisikia toka Kanada!"

"Basi huyo kulungu atakuwa wa kwanza kujua kwamba nyumba hii ina mtu anayeoga," akasema Sylvi, akamwekea kahawa juu ya boksi na kusimama mikono kiunoni.

Msicheke. Kwa watu wa upinde harufu ni jambo zito kuliko mvua. Mwenye bunduki anaua kutoka mbali, lakini mwenye upinde lazima kulungu aje karibu kiasi cha kumsikia anavyotafuna, na pua ya kulungu haina mchezo. Nguo za Orrin zililala mwaka mzima ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko, zimefunikwa matawi ya msonobari. Hakuzivaa garini. Alizivaa porini, amesimama kwa mguu mmoja kwenye baridi, ili zisishike harufu ya petroli. Sasa utamwambiaje mtu wa hivyo apande mti akinukia kama bibi harusi?

Koti la mvua likabaki kwenye msumari. Akachagua koti zito la sufu, ambalo halina sauti na hata likilowa lina joto kidogo. Hapo hakukosea. Alikosea kwenye nguo za ndani. Zile za sufu Sylvi alikuwa amezianika jikoni siku ya kukaanga vitunguu, kwa hiyo Orrin akazinusa, akazitupa, akachukua za pamba. Alijua. Mtoto wa miaka sita huko kwao anajua kwamba pamba ikilowa haikauki, haipashi joto, ni kama umevaa maji yenyewe. Alijua na bado akazichukua, kwa sababu alikuwa anaogopa kitunguu kuliko kifo. Glavu nene pia akaziacha, akachukua nyembamba ili kidole kisikie kifyatulio, kile kidude cha kuachia uzi wa upinde.

"Unakwenda wapi kesho?" Sylvi akamuuliza.

"Kinamasi cha Halonen. Kule nyuma ya mto."

"Arvid akiniuliza?"

"Mwambie tu," akasema Orrin, roho yake nyeupe kabisa. Ndivyo alivyotaka. Arvid akisikia kinamasi, atakaa mbali na kilima.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi yake kikamilifu, asubuhi kabla hakujakucha aliegesha pikapu yake kando ya barabara ya kinamasi kweli, simu akaiacha ndani isije ikalia wala kuwaka, akazunguka kwa miguu kupitia msitu mzima hadi kilimani. Ni mwendo. Alipofika chini ya msonobari wake jasho lilikuwa linamtiririka, na zile nguo za pamba zilikuwa zimelowa kwa ndani kabla hata mvua haijaanza.

Akapanda. Vipande vya ngazi vilifungwa kwenye shina kimoja juu ya kingine, na kando yake kamba nene iliteremka kutoka juu ya kiti hadi ardhini. Mikanda ya usalama aliivaa chini ya koti isiguse chochote ikalia, na mkia wa mikanda hiyo, uliotokea nyuma ya shingo, aliuunga kwenye kamba kwa fundo linaloteleza. Fundo hilo ukilisukuma kwa mkono linakwenda nawe juu na chini, ila ukianguka linabana. Akakaa. Akauvuta upinde kutoka chini kwa kijikamba, akautundika kwenye tawi karibu yake, mishale ikiwa imepachikwa ubavuni mwa upinde. Mvua ikaanza.

Saa za kwanza alivumilia vizuri. Baadaye meno yakaanza kugongana na akayauma yanyamaze. Akajiambia dakika kumi zaidi. Kila aliposema atashuka alisikia kitu kimekanyaga jani huko nyuma, na kila mara ilikuwa kindi. Upepo wa ziwani ukageuka, mvua ikaanza kuja na chembe za barafu, na chuma cha kiti kikavaa ngozi ya kioo. Hapo ndipo alipotaka kushika upinde kwa kujaribu tu, akaona vidole vinakwenda lakini hajui vimeshika nini.

"Basi yatosha, mzee," akajiambia. "Dume aende zake."

Akasimama, akageuka kuutazama mti, akapeleka mguu kwenye ngazi ya juu. Mguu ukaikuta barafu. Alichosikia ni upinde unagongwa na bega lake, unashuka tawi kwa tawi na kutua chini, na yeye mwenyewe akashikwa shingoni kwa nguvu kama mtoto aliyekamatwa akiiba, akaning'inia akipiga miguu hewani. Fundo lilikuwa limefanya kazi yake. Mungu alimsaidia, akalikumbatia shina, akajikwaruza mpaka magoti yakarudi kwenye jukwaa la kiti. Akakaa akihema, akamshukuru aliyelibuni fundo lile.

Kisha akataka kulilegeza fundo ashuke, na fundo halikulegea.

Lilikuwa limebanwa na uzito wake, limenywa maji, na sasa linaganda. Akalisukuma kwa kiganja. Akaligonga kwa ngumi. Kulabu ya chuma iliyomuunga na fundo ilikuwa na kufuli ambalo lazima ulibane na kulizungusha kwa vidole viwili, na vidole vyake vilikuwa soseji. Mikanda ingefunguliwa kwa vifungo vya kifuani na mapajani, chini ya koti, na vifungo vya koti vyenyewe vilikuwa vimemshinda. Akakumbuka kisu mfukoni. Akakitoa kwa viganja viwili, akakifungua kwa meno, akakipeleka juu kwenye kamba, na kisu kikamponyoka kimyakimya. Akakiona kimesimama kwenye matope karibu na upinde, mahali pazuri kabisa, kama kimewekwa kwenye duka.

Akaanza kuitafuna kamba. Ndiyo, kwa meno. Mwanamume mzima, dereva wa greda la wilaya, anatafuna kamba juu ya mti kama panya. Akatafuna mpaka fizi zikatoka damu, na kamba haikuwa hata na alama.

"Oooi!" akapiga kelele. "Oooi! Kuna mtu?"

Nani atakuwepo? Alichagua kilima hiki kwa sababu hakuna mtu. Na hapo, jamani, ndipo alipoelewa alichojifanyia. Pikapu yake iko kinamasini. Mke wake anajua yuko kinamasini. Giza likiingia wataanza kumtafuta kinamasini, na hakuna roho moja duniani, hata moja, inayojua kuhusu msonobari huu. Yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha. Alihakikisha kwa akili, kwa hesabu, kwa furaha. Akalia kwa sauti.

Kulungu jike na mtoto wake wakapita chini. Jike akausogelea upinde, akaunusa, akainua kichwa akamtazama Orrin aliyekuwa analia juu ya mti, kisha akaendelea kula majani. Orrin aliyeogopa harufu ya kitunguu!

Mchana ukasogea. Alikuwa anatetemeka vibaya, halafu akaacha kutetemeka, na kuacha kule kulimtisha kuliko kutetemeka kwenyewe, kwa sababu alikwisha kusikia habari za watu waliokutwa wamekufa kwa baridi. Usingizi ukawa unamjia, mtamu. Akawaza kwamba koti hili lina joto sana, labda alivue. Akajipiga kofi ambalo hakulisikia. "Usilale, Orrin," akasema, lakini midomo ilitoa kitu kingine kabisa, maneno ya mlevi.

Ndipo akaona mtu.

Mtu huyo alikuwa anapanda kilima polepole, hatua, anasimama, anasikiliza, hatua tena. Alikuwa na upinde mkononi na koti la mvua zuri mwilini. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye msonobari ule, haangalii miti mingine, kama anakwenda chooni kwake. Alikuwa Arvid.

Orrin akafumbua kinywa amwite na hakutoka kitu ila mvuke.

Arvid akainua macho. Akamwona Orrin kwenye kiti, amekaa wima, kimya, anamkodolea macho. Ewe, hebu fikiria uso wa Arvid. Mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake! Akasimama kama kigogo. Kisha, bila kusema neno, akainua mguu mmoja, akaurudisha nyuma. Akainua wa pili. Alikuwa anaondoka. Anaondoka kinyumenyume kwa vidole vya miguu, akitumaini kwamba labda, kwa rehema za Mungu, shemeji yake hakumtambua.

"Aaa," akasema Orrin. "Aaavi."

Arvid akafikiri anatukanwa. Akaharakisha.

Kitu kilichomwokoa Orrin siku ile si sauti yake. Arvid alipokuwa anarudi nyuma aliangalia chini asikanyage kijiti, na akauona upinde kwenye matope, umelala kifudifudi, mishale mingine imechomoka. Akasimama. Alimjua Orrin kwa miaka thelathini. Orrin angemwacha mtoto wake kwenye matope kabla ya kuuacha upinde.

"Orrin?" akaita. "Wewe. Mbona umetupa upinde?"

Kimya.

"Orrin, acha utani. Nimekosa, sawa? Sema kitu. Nitukane!"

Orrin akajaribu kumtukana, akashindwa, machozi yakamtoka. Arvid akatupa upinde wake mwenyewe chini na kupanda ule mti kama kijana wa miaka ishirini, akiomba na kulaani kwa Kifini, lugha ya babu zao ambayo siku nyingine huitumia saunani tu, kwenye bafu la mvuke.

Alimfunga Orrin kwa kamba yake mwenyewe, akaikata kwa kisu ile iliyobana, akamshusha ngazi moja baada ya nyingine, akimshika kila mguu na kuuweka mahali pake kama anamvisha mtoto viatu. Barafu ikawatelezesha mara mbili na Arvid akampokea kwa kifua. Njia nzima alikuwa anamfokea. "Pamba! Umevaa pamba mvua hii, mpumbavu wewe! Nitamwambia nini dada yangu? Eh? Usilale! Nikikukuta umelala nakupiga!"

Gari la Arvid lilikuwa kwenye njia ya zamani ya magogo, upande wa pili wa kilima, karibu kabisa. Kwa hiyo kumbe kulikuwa na njia fupi. Arvid akamvua nguo zote, akamfunika blanketi la mbwa, akawasha hita mpaka mwisho, akamnywesha kahawa ya sukari nyingi huku ameshika kikombe mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Kutetemeka kukarudi, na maumivu ya vidole yakarudi nako, na Orrin akalia tena, safari hii bila aibu.

Alipopata ulimi akauliza. "Ulijuaje?"

Arvid akatazama kioo cha mbele. "Kujua nini?"

"Mti wangu."

"Ah, Orrin. Tangu mwezi wa tisa. Wewe uko kwenye greda, kiti kiko wazi, mimi sina kazi." Akajikuna shingo. "Nakaa siku za wiki. Naondoka na takataka zangu. Hata ile bolti iliyolegea ni mimi niliyeikaza."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo. Lakini nilimpigia simu Sylvi asubuhi, akaniambia uko kinamasini." Arvid akageuka akamtazama, na sauti ikapungua. "Nikasema basi leo kilima ni changu. Asingeniambia kinamasini, shemeji, nisingekuja."

Orrin akalitafakari hilo. Lilikuwa kubwa, halikuingia mara moja. Akavuta blanketi.

"Na dume?" akauliza.

Arvid akaanza kufuta kioo kwa mkono wa koti.

"Arvid. Dume wangu yuko wapi?"

"Nilimpiga Alhamisi," akasema Arvid kwa sauti ya mtoto. "Ananing'inia gerejini kwangu. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Kwa hiyo kutwa nzima Orrin aliganda akimngoja kulungu aliyekwisha kuchunwa ngozi. Angeweza kumpiga ngumi, kama angeweza kukunja ngumi. Badala yake kicheko kikampanda, kikamuumiza mbavu, na Arvid naye akacheka kwa woga, mpaka wote wawili wakanyamaza kwa sababu hakikuwa kicheko kizuri.

Walipofika nyumbani Sylvi alikuwa ameshawasha moto wa sauna, kama kila Jumamosi. Akatoka mlangoni na taulo begani, akawaona: kaka yake amemshika mume wake kiunoni, mume wake amevaa blanketi la mbwa. Hakupiga kelele. Alimwingiza jikoni, akamkalisha, akachukua mikono yake akaiweka kwapani mwake mwenyewe, chini ya sweta, kwenye ngozi.

"Kinamasi kimekufanya nini?" akauliza.

Arvid akatazama viatu vyake. Alikuwa tayari kudanganya, ilionekana usoni. Angesema lolote Orrin alilotaka.

"Sikuwa kinamasini," akasema Orrin. "Nilikuwa kilima cha Heikki. Kiti changu kiko huko tangu mwezi wa nane. Nilikudanganya ili umdanganye huyu."

Mikono ya Orrin bado ilikuwa kwapani mwa Sylvi, naye aliihisi baridi yake hadi kwenye mbavu.

"Viatu vyangu vya mpira viko pale mlangoni," akasema Sylvi taratibu. "Nimeviweka mwenyewe sasa hivi. Na tochi. Nilisema nikishawasha sauna, kama hujarudi, nitakwenda. Ningeingia kwenye kinamasi kile, Orrin, na magoti yangu haya, nikikuita jina lako. Ningekuita mpaka asubuhi. Na kesho yake ningerudi."

Sylvi akamtazama kwa muda. Kisha akaikumbatia ile mikono kwa nguvu zaidi, akaanza kulia, na hakuiachia.